Nani Kamwambia Mzungu Jina la Gradi?

Kuna benchi pale Joubert Park, Johannesburg, kwenye kona ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani sana, hata wapangaji wapya hudhani ni stoo. Benchi lenyewe ni ubao juu ya kreti mbili za bia, na ukikaa katikati uombe amani na majirani, maana wa pembeni akiinuka bila kuaga, wewe uko chini na kikombe chako. Hapo Mama Jeanne wa Bukavu anauza kahawa ya tangawizi, kali kiasi cha kumwamsha maiti akauliza nani kafunga mlango. Wateja wake wa kudumu ni watatu, na kila mmoja ana jina ambalo hakubatizwa nalo. Parfait, mlinzi wa geti, anaitwa Interpol, kwa sababu kwake hakuna mtu anayepita tu njiani. Kila mtu ametumwa. Jumbe wa Tanga, kinyozi, anaitwa Wakili, kwa sababu hajawahi kushindwa ubishi. Akiona anashindwa, hubadilisha mada na kutangaza ushindi. Wa tatu ni Gradi, fundi wa nguo kutoka Lubumbashi, anayeitwa Milano, kama ule mji wa mitindo wa Italia, kwa sababu alijipa jina hilo mwenyewe, akalirudia mpaka watu wakachoka kukataa.

Jumamosi hiyo Gradi alirudi mchana kutoka Kensington, mtaa wa upande wa mashariki wa jiji, akakaa, asimtanie mtu. Hilo peke yake lilitosha kuwatia hofu. Huyu ni kijana aliyeacha shule mapema na bado anasahihisha Kifaransa cha mchungaji. Huyu ndiye husema akishona suruali, hata mwenye matege hutembea kama askari wa gwaride. Leo kimya.

— Milano, umefiwa? aliuliza Wakili.

— Bado. Jumatatu njo nitafiwa, alijibu kwa Kiswahili cha kwao, ambako "ndiyo" ni "njo".

— Nani anakufa?

— Kazi yangu.

Mama Jeanne akaishikilia birika hewani. Kazi hiyo benchi zima lilikuwa limeiombea. Ilikuwa kwenye duka la kurekebisha nguo la Madam Denise, barabara kuu ya Kensington: cherehani za umeme zinazonguruma taratibu kama paka aliyeshiba, na dirisha la kioo ambapo fundi anaonekana na wapita njia. Dirisha hilo ndilo lililomteka Gradi. Tangu aingie Johannesburg alikuwa akibadilisha zipu kwenye korido za magorofa, gizani, na sifa zote alizowahi kupata alijipa mwenyewe. Madam alimweka wiki moja ya majaribio. Wiki ilikuwa imekwisha siku hiyo.

— Umeunguza nguo na pasi, Interpol alisema. Sema tu. Hapa ni nyumbani.

— Miye? Niunguze? Gradi aliruka, ubao ukayumba. Sikiliza. Kuna muzee mumoja, muzungu, muzee kabisa, anaitwa Mista Entiwiso. Alileta koti la marehemu baba yake. Zito kama godoro. Nondo wamekula kiwiko, bega limeanguka, bitana inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Madam akaniambia, Steve, hili tumwambie tu halitengenezeki. Miye nikasema, nipe.

Hapo sauti ilimrudia. Akaeleza alivyofumua mkono mzima wa koti. Alivyochomoa nyuzi kutoka ndani ya pindo la koti lenyewe, ili rangi isije ikamsaliti, akafuma nazo kile kiwiko mpaka tundu likasahau lilikuwa wapi. Alivyolinyanyua bega na kulikalisha upya. Alieleza kwa vidole zaidi kuliko kwa mdomo, na wenzake wakainama kutazama vile vidole kana kwamba koti lilikuwa pale. Kijana ni mwongo wa mambo mengi, lakini sindano hajawahi kuisingizia.

— Leo muzee amekuja kulichukua. Akalivaa. Akasimama mbele ya kioo. Akajishika bega. Akatikisa kichwa, hivi, polepole. Halafu akanigeukia miye, akavuta pumzi, akasema: "Greidi... li."

— Akasema nini?

— Greidi. Li.

— Wewe si ndiye Greidi? Wakili aliuliza. Wazungu wote wakisoma karatasi yako husema Greidi.

— Njo hapo sasa! Alijuaje? Kule dukani hakuna Gradi!

Ilikuwa kweli. Siku ya kwanza Madam alipomuuliza jina, kijana alijibu Steve. Ushauri ulikuwa wa Interpol, aliyemwambia kwamba jina la kazini lazima liingie mdomoni mwa mzungu bila kugonga meno. Kwa hiyo kwa Madam alikuwa Steve, na kwenye karatasi yake ya ukimbizi alikuwa Gradi, na kati ya hao wawili hakuna aliyewahi kumtambulisha mwenzake.

— Na Madam alisikia?

— Alisikia. Akaniuliza, amekuitaje? Nikasema sijui. Akaniangalia sana. Akasema, Jumatatu uje na makaratasi yako, tutazungumza.

— Eish, alisema Interpol.

Interpol akisema eish, ujue ameshapata jibu. Aliweka kikombe chini, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia mpaka juu kwenye madirisha ya ghorofa.

— Huyo muzee ametumwa. Ni wa Mambo ya Ndani.

— Mzee wa fimbo? Mama Jeanne alishangaa.

— Njo banatuma wale! Nani atamshuku? Na lile koti... Fikirieni. Siku hizi nani bado iko na nondo nyumbani?

— Unataka kusema nondo waliwekwa?

— Wanawafuga, ndugu yangu. Kuna ofisi.

Wakili alicheka hadi kahawa ikamtokea puani. Lakini alipomaliza kujifuta, uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amepata hoja.

— Subirini. Nyote hamkusoma. Hebu turudi kwenye sarufi.

— Kinyozi huyu na sarufi! Gradi alisema.

— Nyamaza, mshitakiwa. Koti, kwa Kiswahili, linakwendaje? Koti *li*. Koti limechanika. Koti limeoshwa. Sasa mzee kasema nini? "Gradi, li..." Bwana wee! Huyo mzungu alikuwa anaongea Kiswahili! Sentensi haikuisha tu!

Benchi likamgeukia. Hata Interpol, ambaye hapendi nadharia isiyo na polisi, alikubali kwa kichwa.

— Haikuisha kwa nini? Mama Jeanne aliuliza.

— Hasira, Mama. Hasira ilimkaba. Alitaka kusema, "Gradi, limebana." Au, "Gradi, limepinda." Na ndiyo maana akatikisa kichwa.

Hapo Gradi ndipo alipotoka jasho. Kufukuzwa kwa sababu ya jina angeweza kuvumilia. Angesema Johannesburg ni ngumu, watu wangemhurumia, yangekwisha. Lakini koti kupinda?

— Halijapinda!

— Mimi sijasema limepinda. Kasema mzee.

— Hakusema! Alisema "li" tu!

— Basi tumsaidie kumalizia. Limeharibika?

— Wakili, nitakutia sindano ya godoro. Miye lile bega nililikalisha mara mbili. Nililivaa mwenyewe, nikainua mikono kama niko kanisani, halikujikunja hata kidogo. Na muzungu wa Kensington alijifunza wapi Kiswahili?

— Lubumbashi, wapi tena? Alikuwa mgodini enzi za Wabelgiji. Akakaa jirani na babu yako. Leo kaiona hiyo pua dukani, akajiambia, pua hii naijua, hii ni ya ukoo wa kina Gradi.

— Gradi si ukoo! Mama yangu alinizaa kwa shida, wakasema Grâce de Dieu, neema ya Mungu. Lilikuwa refu kwa mtoto mdogo, wakalikata. Hakuna pua yoyote humo!

— Ah! alisema Mama Jeanne.

Aliisema ile "ah" ya kanisani, ya kutoka tumboni, ikawafanya wote wageuke.

— Neema ya Mungu. Na muzee alikuita mara ngapi?

— Mara mbili. Alipofika mlangoni aligeuka, akarudia.

— Na Samweli wa Biblia je? Si aliitwa hivyohivyo usingizini, hajui anayemwita ni nani? Mutoto, huyo si muzungu. Huyo ni mujumbe. Jumatatu usiende kazini. Funga. Omba. Ataita mara ya tatu.

— Samweli hakuwa na wiki ya majaribio, Mama.

— Au, Wakili aliingilia, maana hoja ya Mama ilikuwa inaelekea kuizidi yake, ni lile koti. Koti la nani? La marehemu. Aliyesema si mzee, ni baba yake, kutoka ndani ya koti. Wafu wanajua majina yote.

— Na marehemu huyo, Interpol alisema kwa sauti ya chini, alikuwa anafanya kazi wapi?

— Usiseme Mambo ya Ndani!

— Miye sijasema. Nimeuliza.

Wakacheka wote isipokuwa Gradi. Alikuwa ameshika simu, anaigeuzageuza. Interpol aliona, akamsogelea, na safari hii hakuwa anatania.

— Mudogo wangu, usirudi kule. Zima hiyo simu, badilisha laini. Ukienda na ile karatasi, atasoma Gradi, atasema wewe ni mwongo, atapiga simu mahali. Hapa kuna zipu za kutosha. Utaishi.

Kijana alitazama jengo, ile korido nyeusi nyuma ya geti ambako cherehani yake ya mkono ilikuwa imefunikwa gazeti. Akaanza kufungua mfuniko wa simu kwa ukucha.

Wakati huohuo mwanamke mmoja alisimama mbele yao, mkoba begani, miwani kichwani.

— Hamjambo? Natafuta fundi, Gradi. Nimegonga kule juu, mama mmoja akaniambia niulize kwenye kahawa. Ninaitwa Nyaboke. Nilimletea gauni la kupunguza.

— Karibu, dada, alisema Mama Jeanne. Fundi ni huyu. Lakini leo iko mugonjwa.

— Anaumwa nini?

— Ameitwa, alisema Mama Jeanne.

— Amechongewa, alisema Interpol.

— Amekatishwa sentensi, alisema Wakili, akamwachia mgeni nafasi katikati ya ubao, nafasi ya hatari, bila kumwonya.

Nyaboke ni Mkenya, mhadhiri wa chuo kikuu, lakini alikaa kwenye ule ubao kama mtu aliyekulia juu ya kreti. Akapokea kahawa, akasikiliza kesi yote kutoka midomo minne kwa pamoja. Hakucheka palipochekesha. Alicheka mahali pengine kabisa.

— Huyo mzee ametoka wapi?

— Kensington.

— Kabla ya Kensington.

— Madam anasema Uingereza. Boliton, kitu kama hicho. Alikuja kijana, kufanya kazi ya reli.

— Bolton! Hebu sema tena alivyosema.

— Greidi... li.

— Usipumzike katikati.

— Muzee alipumzika. Kifua chake kinabana.

— Wewe hakikubani. Sema.

— Greidili. Greidli.

Nyaboke akapiga makofi, ubao ukalia.

— Ngai! Hakukuita, bwana. Hajui hata kama upo duniani na jina hilo. *Gradely*. Ni neno!

— La Kizungu? Wakili aliuliza kwa mashaka. Mimi Kiingereza nakijua. Halimo.

— La Kiingereza cha kwao, cha kaskazini, upande wa Lancashire. Kama vile Kiswahili cha Lubumbashi si cha Tanga. Nilisoma huko mwaka mmoja, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mzee. Pale chuoni hakuna aliyelitamka. Vijana wao wenyewe hawalijui. Limebaki kwa wazee.

— Na maana yake? Gradi aliuliza. Simu ilikuwa imetulia mkononi.

Nyaboke alifikiri. Alichagua maneno kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

— Ni kizuri, lakini si kizuri cha kupendeza tu. Ni kitu kilicho vile kinavyopaswa kuwa. Hakina ujanja ndani. Chakula kinaweza kuwa hivyo. Mtu pia. Wakisema fulani ni mtu wa hivyo, wamemaliza, hakuna haja ya kuuliza tabia yake.

— Muzuri kabisa, alisema Interpol.

— Sawasawa, alisema Mama Jeanne. Ile sawasawa ya ugali ulioiva.

— Barabara! Wakili alipiga goti. Hilo ni barabara, wala msibishe. Limenyooka, limekwenda barabara. Na limetoka wapi hilo neno, Mwalimu? Usije ukaniambia Tanga, nitaamini.

— Lilikuja na Waviking, wale watu wa Skandinavia walioivamia Uingereza zamani za kale. Kwa lugha yao lilikuwa na maana ya kitu kilicho tayari, kilichoandaliwa. Wakakaa, wakaoa, wakalima, lugha yao ikafa pale, lakini neno likabaki mdomoni kwa wakulima na wafuma nguo. Likatoka kwenye "tayari" likawa "kama inavyotakiwa".

Interpol alipiga mluzi mrefu. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesikia habari ya mtu aliyevuka mpaka akabaki, na hakumshuku.

— Halikuwa hata na karatasi, alisema. Wakaliacha likae.

— Na likaja hadi huku, Wakili alisema, na kwa muda mfupi alisahau kubishana. Wenyewe wameshalitupa. Mzee mmoja kalibeba, kalificha maisha yote huko Kensington, halafu kalitoa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya bega la Milano! Eh!

— Lakini kichwa, Gradi alisema. Muzee alitikisa kichwa.

— Ndivyo walivyo. Wazee wa kule ukiwafurahisha sana, huhuzunika kidogo. Yule bibi yangu, nilimpikia kuku siku ya Krismasi, nikamtia viungo vyote vya nyumbani. Akala mpaka mifupa, akasema, "Si mbaya." Si mbaya! Mwaka mzima nilikaa kwake, hilo neno lako nililisikia mara moja tu, na hakuniambia mimi. Alikuwa anawasifu watu waliojenga ukuta wa mawe shambani kwa babu yake. Wewe umeambiwa mara mbili.

Sasa mtu angetarajia Milano aruke juu ya kreti na kutangaza. Hakuruka. Alikaa na mikono yake magotini, akaitazama kama ya mtu mwingine.

— Limekaa, alisema taratibu.

— Nini?

— Sisi mafundi tunasema limekaa. Nguo ikiwa sawa, haisifiwi. Unasema imekaa, unamwacha mwenyewe aende. Alisema limekaa.

Mama Jeanne akajipangusa jicho kwa kitambaa cha birika, akasema ni tangawizi.

Hali hiyo haikudumu, namshukuru Mungu, maana huyu kijana akiwa mnyenyekevu anatisha. Alishaanza kunyoosha kola.

— Kwa hiyo tuelewane. Kuanzia leo hakuna Milano. Nataka niitwe Greidli. Fundi Greidli. Waviking walitafuta neno la kunisifu kabla sijazaliwa.

— Hilo ni jina la nne, alisema Wakili. Ukipata la tano tunakupa timu ya mpira.

— La nne? Nyaboke aliuliza. Gradi, Milano, Greidli. Na jingine?

— Steve, alisema Interpol. La kazini. Njo maana Madam aliuliza amekuitaje. Kule yeye ni Steve.

— Kwa nini Steve?

Wakamweleza, kila mmoja kwa upande wake: jina rahisi, meno ya wazungu, wateja. Nyaboke alisikiliza mpaka mwisho. Hakuonekana kulaumu. Alionekana kutaka tu kujua, kama mtu anayeuliza njia.

— Sasa hilo Gradi lina ubaya gani?

Interpol alifungua mdomo. Kwenye geti analolinda, kifuani ameandikwa Peter. Akaufunga. Wakili, ambaye hajawahi kuachia swali lipite, aligeuza uso upande wa saluni yake, ambako kibao kinasema Jimmy. Mama Jeanne kwenye ofisi ya kodi ni Jane tangu alipofika, na sasa alikuwa anachunguza ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo. Magari yalisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, yakaondoka, yakasimama mengine.

Gradi aliinuka. Alikuwa amekaa pembeni, na hakuaga, kwa hiyo ubao ulipaa, mhadhiri akamwangukia Wakili, na kahawa ya watu wawili ikaenda. Yeye hakugeuka. Alikuwa ameshapiga simu.

— Ndiyo, Steve? sauti ya Madam ilisikika, kwa Kiingereza, wote wakaisikia maana simu ile spika yake haijui siri.

— Madam, samahani. Mimi siitwi Steve.

Interpol alishika kichwa.

— Huitwi Steve?

— Hapana, Madam. Nilisema uongo siku ya kwanza. Niliogopa jina langu litakusumbua.

— Sasa aliyeshona lile koti la Bwana Entwistle ni nani?

Kijana akanyoosha mgongo. Pale barabarani, hakuna dirisha, hakuna kioo, watu wakimpita na mifuko yao ya plastiki, na hakutafuta neno la kujipamba.

— Ni Gradi, Madam. Koti lile kalishona Gradi.

Walimsikia Madam akivuta droo, akitafuta kalamu.

— Nitajie herufi zake, alisema. Taratibu. Sitaki nilikosee.